Masese Aliyechelewa Sinemani

Nimeshusha pumzi. Wiki nzima nilikuwa nimeibana kifuani, na aliyenibana ni mume wangu mwenyewe, Bonface Oyaro, mtafsiri wa sinema pale sokoni Migori.

Bonface ana kibanda cha mabati, mabenchi na televisheni kubwa. Watu wakishaketi, yeye hushika maikrofoni na kutia Kiswahili kwenye sinema za Wahindi, Wachina na Wakorea. Kikorea hajui hata cha kuombea maji. Anaangalia macho ya mtu, anaangalia mdomo, anasema. Tena hakubali kuiona sinema kabla ya wateja wake, ati utamu utaisha. Na majina ya waigizaji hutoka kwa wateja hao hao: anayefika mapema anakuwa staa, anayechelewa anakuwa muuaji. Hiyo ndiyo sheria ya kibanda, na ndiyo maana vijana hukimbia kuwahi benchi la mbele.

Siku hiyo aliyechelewa alikuwa Masese, kijana wa Ntimaru anayeuza avokado karibu na meza yangu ya chai na mandazi.

Sinema ilikuwa ya Kikorea, ya mauaji, lakini wueh, mauaji gani yale! Mpelelezi wake hana haja na bunduki. Anaingia nyumba ya marehemu, anavua viatu, analia kwanza kama mtu wa matanga, halafu anafungua friji, anapika chakula kilichobaki na kukila chote. Ati hivyo ndivyo anavyomjua aliyekufa. Bonface akambatiza Inspekta Kichwa Maji. Mume wa marehemu, ambaye alishukiwa, akawa Masese.

"Masese wa Ntimaru!" Bonface akanguruma. "Muuza avokado! Amemuua mke wake, na polisi wanamtafuta!"

Masese mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Kisha stima ikapotea, sinema ikakatika katikati, kila mtu akaenda zake.

Sasa, kibanda kina spika nje, ya kuvuta wateja. Na hapo nje, akingoja bodaboda, alikuwa amesimama mzee Omosa kutoka Lambwe. Omosa ni mjomba wa Celestine, na Celestine ndiye msichana ambaye Masese anataka kumuoa. Wazazi walikuwa wameshapanga siku ya kumpokea. Omosa ni Msabato wa kweli kweli, hajawahi kuingia mahali pa video. Alisikia sauti tu, akadhani ni habari za redio. Akafika Lambwe anatweta kwamba yule kijana ameua mke wa kwanza.

Celestine akampigia Masese simu huku analia. Baba yake amesema muuaji asionekane bomani kwake. Masese akaja mezani kwangu, mtu mzima na machozi yake.

"Mama Cate, bwanako ameniharibia. Nampenda yule msichana."

Niliacha mandazi yaungue. Nikaingia kibandani. "Baba Cate! Mdomo wako huo umevunja ndoa ya mtu! Piga simu Lambwe sasa hivi!"

Akapiga. Mzee Ongeri, baba wa msichana, akamsikiliza polepole. "Kwa hivyo wewe ndiye mtangazaji," akasema. "Mbona leo unakana habari yako?"

"Mzee, ni sinema tu."

"Sinema ya Ntimaru?" Akakata simu.

Basi Jumapili tukaenda Lambwe, Bonface na laptopu yenye ile sinema mgongoni, Masese na shati lililopigwa pasi, mimi na hasira zangu. Nilikuwa nimemwomba Bonface aione sinema mpaka mwisho kabla hatujaondoka. Akakataa. "Nikijua mwisho nitapamba, na wazee watajua napamba." Nilitaka kumfinya. Je, kama ni kweli huyo mume ndiye aliyeua? Tutamwambia nini mzee wa watu?

Kufika, Mzee Ongeri akamwambia Masese angoje langoni. Sisi tukaingizwa sebuleni. Wakasogeza Biblia, laptopu ikawekwa mezani. Hakuna aliyetupa hata maji.

Mume wa marehemu alipotokea, Bonface akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye Masese."

Mama Nyanchoka, mama yake Celestine, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama. Akamgeukia kaka yake.

"Omosa. Huyu ni Mchina."

Omosa akageuza kiti, akatazama ukuta.

"Nakuuliza, Omosa. Kuna Mchina Ntimaru?"

Mzee Ongeri ndiye aliyeanza kucheka, tumbo likimtikisika, akafuta macho kwa leso. "Mwiteni kijana aingie," akasema. Nyasaye, Mungu wangu! Nikakaa bila kukaribishwa.

Masese akapewa soda. Bonface akataka kuzima laptopu, wakamkatalia. Ati lazima wajue nani aliua. Tukaangalia yote. Mama Nyanchoka akamhurumia Inspekta kwa vile analia peke yake. Omosa, aliyekuwa amegeuza kiti kutazama ukuta, aligeuka polepole mpaka akawa wa kwanza kuuliza kama kula chakula cha marehemu si hatari.

Mwishoni Inspekta akaonja supu ya mwisho, akaitema kama mtu aliyeonja sumu. Akamtazama mume kwa muda mrefu, akatoa pingu. Kumbe ni yeye kweli!

Masese wetu akaacha soda hewani. Bonface akanitazama, mdomo wazi, mwanamume ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa neno.

Mama Nyanchoka akapiga meza kwa kiganja. "Wewe mtafsiri! Mwambie huyo polisi amwachilie! Huyo ni mkwe wetu!"

Bonface akakohoa. Akatoa ile sauti nzito ya Inspekta. "Pole kwa usumbufu, Masese. Nenda nyumbani, mama mkwe amekupikia."

Pale kwenye kioo pingu zikafungwa, lakini hakuna aliyeziangalia, maana Celestine alikuwa ameingia na ugali wa wimbi.