Mshenga wa Bati

Kuna mfululizo wa filamu za vita vya angani ambao dunia nzima inausujudia. Siutaji jina, kwa sababu wanaoupenda ni wengi na hasira zao ziko karibu. Ni watu wazima, wana familia, na bado wananunua vikombe vyenye picha za vyombo vyake na kuvinywea chai. Mimi nasema sifa zake zimezidi. Ningezikata nusu, na hiyo nusu ningeiacha kwa heshima ya muziki tu.

Nina haki ya kusema hivyo. Sehemu ya kwanza nimeiangalia mara nyingi kuliko mhakiki yeyote wa magazetini, tena nikiwa nimesimama kando ya kioo, nikiwafasiria watu wa Mlowo sentensi kwa sentensi. Nina diploma ya ufundi wa elektroniki kutoka Zambia. Ada nilijilipia mwenyewe, kwanza kwa kubeba mizigo mpakani Tunduma, kisha kwa kutengeneza redio za wachimbaji wa shaba kule Kitwe. Hakuna mjomba aliyeniuzia ng'ombe ili nisome. Niliporudi, katikati ya miaka ya tisini, biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila mtu anauza kitu. Nilishuka na televisheni kubwa, deki mbili, jenereta na suti ya kijivu, na watu walitoka madukani kunitazama.

Nikafungua ukumbi wa video: mabati juu, mabenchi chini, magunia madirishani kuzuia mwanga. Kwa kuwa wateja wengi hawakujua Kiingereza, nilikuwa nafasiri mwenyewe. Kazi hiyo nilikuwa naijua. Watu waliacha kumbi nyingine zenye filamu mpya wakaja kwangu kwenye filamu kuukuu, kwa ajili ya mdomo wangu.

Shida ilikuwa moja. Nilitaka kuoa binti wa mkulima mmoja wa kahawa wa Iyula, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka hovyo. Mshenga wangu alikuwa mjomba. Alikwenda mara mbili, na mara mbili akarudi na jibu lilelile: mzee anasikia kijana anayemtaka binti yake anafuga wahuni gizani na kuwaonyesha uchafu. Mara ya pili akaongeza kwamba kuna mwalimu wa shule ya msingi, mwimbaji wa kwaya, naye ameshaleta barua.

"Sasa anataka aje aone mwenyewe," mjomba akasema. "Jumamosi mchana. Ukiharibu hapo, mimi sirudi tena Iyula. Miguu hii si ya serikali."

Nikatafuta filamu ya kumwonyesha. Za ngumi zilikuwa na damu, za mapenzi zilikuwa na mambo yake. Nikachagua hii ya angani. Ilikuwa safi, ilikuwa na sifa dunia nzima, na nilitaka mzee ajue kwamba binti yake anaolewa na mtu wa dunia. Kulikuwa na busu moja tu karibu na katikati, na hilo nilipanga kulifunika kwa koti.

Jumamosi mzee akaja na fimbo na kofia yake. Nikampa kiti chenye mgongo, mbele kabisa. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, maana habari zilishaenea kwamba fundi anakaguliwa.

Chombo cha kwanza kikapita kikinguruma kama lori lenye shehena likipanda mlima wa Senjele. Kwa elimu yangu nilijua ni upuuzi, kwa sababu huko juu hakuna hewa ya kupitisha sauti. Nikaendelea kufasiri. Mzee alitazama kama robo saa hivi. Kisha akainua fimbo.

"Kijana, hawa watu wanakula nini?"

"Vidonge, mzee."

"Na hivyo vidonge nani analima?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana mmoja wa stendi, mpiga debe, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, huko hakuna masika! Wanavuna risasi!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeifasiri filamu ile miezi mitatu, na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Watu maelfu wanaishi vyomboni, wanapigana asubuhi hadi jioni, na hakuna sufuria, hakuna shamba, hakuna mwanamke wala mwanamume anayemenya hata kiazi. Mkulima wa Iyula aliliona hilo katika robo saa.

Tukafika kwenye busu. Nahodha kijana akamshika mkono binti wa mtawala, nami nikasogea mbele ya kioo na koti langu nimelitanua.

"Toka hapo, fundi! Wewe si kioo!" wakapiga kelele.

Niliporudi pembeni, wale wawili walikuwa wamekumbatiana kwenye mlango wa chombo, tayari kuondoka pamoja. Mzee akainua fimbo tena. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Huyu kijana anaondoka na mtoto wa watu. Ameshatuma mshenga?"

Ningeweza kusema ukweli: hapana, mzee, kule hawatumi, wanachukuana tu. Akilini nikamwona yule mwalimu wa kwaya anavaa tai ya harusi. Nikamwona mjomba ameinamisha kichwa benchini. Na pale kwenye kioo akapita yule mtumishi wa nahodha, mtu wa bati, ambaye kazi yake katika filamu nzima ni kubeba mfuko wa vifaa vya kutengenezea injini.

"Ametuma, mzee," nikasema. "Mshenga ni huyu wa bati. Ule mfuko ni wa ukweni. Ndani mna shuka ya mama mkwe na jembe la baba."

Mzee akaegemea kiti. "Aa. Endelea."

Mpiga debe akasimama. "Fundi! Mbona wiki iliyopita ulisema ule mfuko una spana?"

"Wiki iliyopita nilikuwa sijakishika vizuri Kiingereza chao. Kile ni cha ndani sana. Kaa chini."

Kuanzia hapo nikafasiri kama ambavyo sijawahi kufasiri. Mtawala akawa baba asiyetaka kupokea posa. Jeshi lake likawa ndugu wa upande wa baba, wenye choyo. Kila mara mtu wa bati alipofungua mdomo wake wa chuma, nilimpa maneno ya heshima: hodi za ukweni, salamu za wazee, kuomba radhi kwa kuchelewa njiani. Watu waliokuwa wameiona filamu ile mara tano walikodoa macho kama wanaiona kwa mara ya kwanza. Akina mama wauza maharage waliokuwa mlangoni wakaingia ndani.

Halafu nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba karibu na mwisho mtu wa bati analipuliwa.

Akalipuliwa. Mfuko ukaruka huku, kichwa kule. Siku nyingine zote watu walikuwa wanacheka hapo. Siku ile wauza maharage wakajifuta machozi, mama mmoja akasema, "Yesu wangu, hata hajafika!" na mpiga debe mwenyewe akatukana jeshi la mtawala kwa sauti. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini mpaka filamu ilipokwisha.

Nje jua lilikuwa kali. Mzee akaniita kando, nyuma ya jenereta, mjomba akibaki mbali na kujifanya anakung'uta viatu. Mzee akanisemesha kwa Kiingereza, kile kigumu cha migodini. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi kule kwenye shaba miaka kumi na mmoja, kabla binti yake hajazaliwa. Mjomba hakujua, na mimi hakuna aliyeniambia.

Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Yule wa bati alisema pampu imeungua. Wewe ukasema anaomba radhi kwa wakwe. Umenidanganya mbele ya watu, kijana, na nimekaa kwenye kiti chako."

Diploma, suti, deki mbili, vyote havikunisaidia. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulichouliza kilikuwa cha haki, na filamu yao haina jibu."

"Mwambie mjomba wako aje Alhamisi," akasema, akaondoka.

Tangu wakati huo nimeuangalia mfululizo ule wote, kwanza kwenye kanda, kisha kwenye diski, juzi juzi kwenye televisheni bapa iliyo sebuleni kwangu, kubwa kuliko mlango. Umezidi kung'aa na haujaongeza akili. Katika sehemu ya pili mtu wa bati anarudi mzima, amepakwa rangi mpya, na hakuna anayemwuliza alikuwa wapi. Filamu ambayo kifo chake kinatibiwa kwa rangi haiwezi kunitisha kwa bunduki elfu. Wanaoisifu huniambia sina ubunifu wa kuielewa. Mimi niliwaliza wauza maharage wa Mlowo kwa mfuko wa spana. Waliotengeneza filamu walikuwa na mfuko huohuo na hawakupata hata chozi.

Alhamisi ile mjomba akaenda Iyula. Alirudi alasiri, akaketi, akaomba maji, akayanywa polepole kwa makusudi ya kunitesa.

"Barua ya mwalimu imerudishwa," akasema hatimaye. "Wewe wamekupokea. Lakini mzee ana sharti. Siku zote za mazungumzo, mpaka ndoa ifungwe, wewe usifungue mdomo pale kwake. Hata salamu nitakutolea mimi."

Mazungumzo yalichukua vikao vinne. Mjomba alisema vibaya, alisahau majina ya wazee, alitaja kijiji chetu kwa kukosea, na mimi niliyejua kusema kuliko wote mle ndani nilikaa kwenye mkeka, mikono magotini, nikitazama miguu yangu. Binti alipita mara moja na trei ya vikombe. Aliniangalia, akauma mdomo asicheke, akaenda zake jikoni.