Breki Niliyoing'oa kwa Ajili ya Sura

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Pongwe, nilivaa shati jeupe. Shati jeupe karakana! Mkuu wa Karakana alinitazama kuanzia juu mpaka chini, hakucheka. Akanimwagia debe zima la nati na boliti sakafuni, akasema, "Zipange kwa ukubwa. Ukimaliza ndiyo tutajua kama una macho." Nilimaliza alasiri, magoti yanawaka moto, na shati lile mama yangu hakulitakatisha tena maisha.

Ninyi mnaosoma haya mmezikuta pikipiki zimejaa kila kona. Zama zetu zilikuwa za kuhesabu. Alipanda msimamizi wa shamba, alipanda bwana shamba, padri na tabibu, basi. Taa ya mviringo, tenki lenye tumbo, rimu za spoki, kiti kirefu cha ngozi. Kitufe cha kuwashia hakikuwapo. Ulipiga kiki kwa mguu, na kiki ikikurudia vibaya wiki nzima unachechemea. Mvua ikinyesha haiwaki, jua likiwaka inachemka. Leo watu wanaziota, sisi tulikuwa tunazitukana.

Na breki zake, Mungu atusamehe. Zilikuwa za viatu, yaani vipande viwili vya nusu duara vinavyokaa ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu. Ukivuta mkono wa breki vinatanuka na kuikaba habu kwa ndani. Zikiwa kavu zinakamata vizuri tu. Zikiingia maji, mivuto miwili mitatu ya kwanza hupati kitu. Kwa hiyo Mkuu wa Karakana alikuwa na sheria yake. Ukigusa breki ya mtu, gurudumu linamwagiwa ndoo ya maji, kisha wewe fundi unaipanda mwenyewe kushuka mteremko wa kiwandani, kabla mwenye chombo hajakishika. Siku moja nilimlalamikia kuwa nina homa. "Homa haina uhusiano na breki," akanijibu, akamwaga ndoo. "Kama huwezi kuipanda, hujaitengeneza."

Baadaye nilihamishiwa karakana ya serikali kule Pangani, chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu mpole aliyeongea kwa kunong'ona hata injini ikiwa inanguruma. Huko adui yetu alikuwa chumvi. Madigadi yalikuwa yanaliwa mpaka unaona barabara kupitia kwenye matundu. Aliyenipa kazi zaidi ni bwana shamba wa Mkwaja, aliyekuja kwa njia ya mchanga, binti yake mdogo Zuhura amemkalisha mbele, juu ya tenki. Tukawa ndugu. Mwisho nikaletwa Tanga mjini kwa Mkuu wa Usafirishaji, bwana aliyependa karatasi kuliko spana, na hapo ndipo nilipostaafu. Niliagwa kwa keki na saa ya ukutani. Nikakaa barazani kwangu Chumbageni, mikono inaniwasha kwa kukosa kazi.

Kama ningeishia hapo, haya yangekuwa masimulizi ya kujisifu. Siandiki kujisifu. Ninaona haya, na nimeona bora niyaseme mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu.

Zuhura alinijia asubuhi moja. Baba yake alikuwa amekwisha fariki, na yeye sasa ni mwalimu wa sekondari. Alikuja na pikipiki mpya kabisa, lakini lo, sura ile! Taa ya mviringo, tenki lenye tumbo, kiti kirefu cha rangi ya kahawia. Nilisimama bila kujijua.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeifufua wapi?"

"Haikufa, ami. Imeundwa mwaka huu, ila kwa mtindo wa zamani. Tuko kundi zima, Jumapili tunatembea pamoja."

Nikamuuliza wanapenda nini humo, maana sisi tungeuza tenki lile lenye tumbo ili tupate kitufe cha kuwashia. Akafikiri kidogo.

"Hizi nyingine zimefunikwa plastiki mwili mzima, hujui ndani kuna nini. Hii ukiitazama injini unaiona, tenki unaliona. Inanguruma taratibu, haikimbizi mtu. Halafu..." akacheka kwa aibu, "nikiipanda najiona niko mbele ya baba."

"Kwa hiyo mnataka uzee bila maradhi yake!"

"Ndiyo, ami. Asubuhi nabonyeza kitufe, inawaka, nakwenda kufundisha."

Alichotaka kwangu ni kidogo tu, kubadilisha vioo na usukani. Lakini wenzake wakaja na zao, wakanizunguka, wakaniuliza hili na lile la zamani, wakanipiga picha nimeshika spana. Mwe! Mzee nikavimba kichwa. Miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kunipiga picha. Nikaanza kuwasahihisha. Hapa haikuwa hivi, pale panatakiwa kromu. Na kwenye pikipiki ya Zuhura jicho langu likaganda kwenye gurudumu la mbele. Lilikuwa na breki ya diski, ile sahani ya chuma iliyo nje, ambayo hata kwenye mvua inakamata.

"Hii diski inaharibu sura," nikasema. "Nina gurudumu la asili, la spoki, breki iko ndani."

"Diski tuiache, ami. Ni nzuri, inasimama palepale."

"Ya baba yako haikuwa na diski."

Nilimtaja marehemu ili nishinde ubishi wa gurudumu! Akasema, "Haya, ami, wewe ndiye fundi."

Gurudumu nililitoa kwenye mkweche nyuma ya nyumba, nikalisugua mpaka likang'aa. Siku ya kumkabidhi, kundi zima lilikuwa mlangoni na simu zao. Ndoo ilikuwapo, na maji yalikuwamo. Nikatazama rangi mbichi ya tenki, tairi zilizopakwa dawa ya kung'arisha, watu wanangoja picha. Sikumwaga ndoo wala sikuipanda. Hata yale ya kwamba breki hii ikilowa haikamati, sikumwambia, nikaona nitaiaibisha kazi yangu mbele za watu. Nilimpa ufunguo nikacheka kwenye picha.

Mvua ya kwanza ilimkuta Pongwe. Mama Anjela, mshonaji wa nguo, mjane wa mfanyakazi wa mkonge, alikuwa anavuka barabara na kitambaa cha mteja kichwani. Pikipiki haikusimama, ikamgonga. Zuhura mwenyewe alichubuka tu. Mama Anjela alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, ule wa kuongozea kitambaa kwenye cherehani, nao ukaunga umepinda.

Askari wa barabarani alikuja kwangu kuuliza habari za ile pikipiki. "Mzee, wewe ni fundi wa siku nyingi. Breki zilikuwaje?"

"Nzima kabisa," nikasema. "Hawa vijana wanakimbia."

Akaandika. Na mnadhani niliishia hapo? Nilikwenda kumwona Zuhura nyumbani kwa mama yake. Amekaa mkekani, anautazama mkono wake.

"Ami, mimi nilishika breki kweli? Nakumbuka nimevuta. Lakini askari anasema fundi amethibitisha kuwa breki nzima. Labda sikuvuta?"

Nikamjibu, "Labda hukuvuta, mwanangu. Hofu inafanya hivyo."

Astaghfirullahi. Nimewahi kuharibu injini za watu, nimewahi kupoteza vipuri vya serikali, lakini sijawahi kufanya jambo baya kama lile. Mtoto niliyemjua toka anabebwa juu ya tenki, nilimfanya asiuamini mkono wake mwenyewe.

Miezi ikapita. Mama yake akaniambia Zuhura hapandi hata baiskeli, na watoto wa jirani wakitaka kuvuka barabara hathubutu kuwashika mkono. Kila Jumamosi anakwenda Pongwe kumfulia Mama Anjela, maana mkono ule haukamui nguo. Mama mtu ananieleza haya huku ananimiminia chai, ananishukuru kwa kuwa karibu na familia. Nikakiweka kikombe chini. Pikipiki ilikuwa uani kwao, imefunikwa turubai. Nikaomba ruhusa niitazame. Nikamwaga maji kwenye gurudumu, nikaipanda, nikaiteremsha uani taratibu, nikavuta breki. Ikaenda vilevile. Nilisimamishwa na michongoma ya jirani, kanzu ikachanika.

Zuhura alitoka mbio kuniinua. Nikamwambia papo hapo, nimekaa chini kwenye miiba.

"Ulivuta, mwanangu. Breki ndiyo haikukamata. Mimi nilijua toka mwanzo kuwa ikilowa haikamati."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliuliza tu, "Na siku ile nilipokuuliza?"

"Nilijua."

Akaniachia mkono. Akaingia ndani, kisha akatoka amejifunga mtandio. "Twende kituoni kwanza. Jumamosi twende Pongwe." Toka hapo hajaniita ami.

Kituoni nilibadilisha maelezo yangu. Askari yuleyule aliandika bila kuinua uso, na nilipotia sahihi akanigeuzia mgongo. Wale wa kundi nao nimewaambia wote. Pikipiki ya Zuhura nimeirudishia diski yake, na picha zangu nimewaomba wazifute.

Jumamosi nikasimama mlangoni kwa Mama Anjela. Cherehani lilikuwa kona ya chumba, limefunikwa kanga. Nikasema yote, sikupunguza.

Mama Anjela alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Zuhura, akamshika mkono wa kulia kwa mkono wake uliopinda, na yule mtoto akaanza kulia.

"Basi, mwanangu. Kufua basi. Njoo unitembelee tu."

Akanitazama mimi.

"Na wewe mzee, beseni liko nyuma. Mashuka yameshalowekwa."

Majirani walikuwa wamejaa uani. Nilikunja mikono ya kanzu, nikachuchumaa, nikaanza kufua.