Jina Nililoliandika kwenye Kioo Cheusi

Harufu ya vumbi linalopata moto juu ya kompyuta kuukuu bado inanitia ubaridi mgongoni. Kazini kwangu wenzangu hunicheka. Ninapoingia kwenye mashine ya zamani iliyoko mji mwingine, kwenye ule ukurasa mweusi usio na picha, ambapo unaandika amri kwa herufi nayo inakujibu kwa herufi, kidole changu husita juu ya kitufe cha mwisho. Wanadhani naogopa kuharibu. Ngoja niwaambie ninyi kilichoanza kunitisha.

Nilikuwa na miaka tisa, msichana wa darasa la tatu, katika makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda, wakati ule ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Nyogokuru, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa mama, alikuwa amekimbia kutoka Burundi zaidi ya miaka ishirini nyuma, akimshika mama yangu mkono. Mwanawe wa kiume, mdogo wake mama, alipotea kwenye msukosuko wa watu waliokuwa wakivuka mto. Nyumbani habari zake hazikuzungumzwa. Lakini mimi nililala kitanda kimoja na Nyogokuru, na kila alfajiri, kabla hajashika ndoo ya maji, alipiga magoti akamnong'oneza Mungu jina moja: Misigaro. Nilijifanya nimelala. Hakuna aliyenikataza kulisema jina hilo, ila nilijua kwamba halisemwi.

Majina yetu ya kweli hayakutoka nje ya mlango. Nyogokuru aliamini kwamba waliotufukuza walikuwa wangali na orodha zao. Kwa makarani alikuwa Maria Petro, na mama alikuwa Agnes Petro. Siku moja nilimuuliza huyo Petro ni nani, akanijibu bila kuacha kumenya muhogo, "Si yule mwenye funguo za mbinguni?"

Mwaka huo wakimbizi wapya walikuwa wamefurika Kigoma, na kompyuta ikaletwa kwenye ofisi ya makazi ili watu watafute ndugu zao. Sisi watoto tuliijua kuliko walioileta. Tulijua kwamba aliyeonekana humo hufuatwa na lori, akarudishwa alikotoka. Mtoto wa jirani aliapa kwamba amelisikia lori lenyewe likinguruma.

Kwa hiyo Nyogokuru alipoamua kwenda, akanichukua mimi kwa kuwa nilijua kusoma, njia nzima nilitega sikio kama lori linakuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani.

Karani alikuwa dada mmoja wa Tanga, Rehema, mwenye maneno laini na mkono mwepesi. "Shikamoo, bibi. Karibu kiti." Nje jenereta ilikohoa moshi wa dizeli. Mezani palikuwa na kioo cheusi, na pembeni yake kisanduku kilichoanza kulia kama mbuzi aliyenasa kwenye waya. Nilimshika Nyogokuru kitenge.

"Usiogope, mdogo wangu," Rehema alisema. "Kinapiga simu Dar. Kule kuna mashine kongwe, inakuzidi umri. Majina yote yamo mle. Mimi naiuliza kutoka hapa, nayo ikipenda inajibu."

Ikapenda. Herufi za kijani zikajitokeza moja moja, kama kuna mtu asiyeonekana aliyekuwa akiandika kwa ndani. Rehema akauliza jina la anayetafutwa.

"Yohana Petro," alisema Nyogokuru.

Nilimtazama. Rehema aliandika FIND, akaacha nafasi, akaandika jina, akabonyeza kitufe kikubwa cha kulia. Kioo kikajaa. Akina Yohana Petro walimiminika mpaka wengine wakatokomea juu: wazee, vichanga, mmoja wa Kasulu, mwingine wa Kibondo.

"Mwenye kovu hapa," Nyogokuru alisema, akijigusa chini ya sikio.

"Mashine haijui makovu, bibi. Hana jina lingine? La nyumbani?"

"Nyie watu wa mashine mnauliza sana. Ni hilo hilo."

Rehema alijaribu tena, akaongeza umri, wakabaki wachache, na hakuna aliyetokea upande wetu wa Burundi. Alijaribu mara ya tatu. Hakuna. "Mficha uchi hazai, bibi yangu," alisema kwa upole, kisha akaziba mdomo kwa aibu kuona amempigia mzee methali. Nyogokuru alikuwa anakifunga kitenge upya, na nikaelewa kwamba tukitoka pale hatutarudi tena.

Jenereta ikayumba sauti. Rehema akakimbilia nje kumpigia kelele mwenye dizeli.

Kwenye kioo kialama cha kijani, kinachoonyesha pa kuandika, kilibaki kinapepesa, kikisubiri. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nikinyamaza, Nyogokuru atapiga magoti kila alfajiri hadi afe. Nikiandika, lori litamfuata mjomba wangu popote alipojificha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelituma. Nilihisi nataka kukojoa. Kisha nikanyoosha kidole na kuanza kuzitafuta herufi, ambazo kwa ukatili wa ajabu hazikupangwa kama tulivyofundishwa shuleni. FIND. Nafasi. M. I. S. Nyogokuru hakujua kusoma. Alidhani nacheza, akanipiga kofi dogo mkononi. Nikabonyeza kitufe kikubwa.

Rehema aliporudi, mstari mmoja tu ulikuwa umetokea, na mimi nilikuwa nalia.

"Nani kaandika hiki?" Akainama. "Misigaro. Mwanamume. Yuko kambini Kigoma. Kovu hawakuandika, ila wameandika kwamba anamtafuta mama yake. Inamahoro." Akatutazama. "Huyu Inamahoro mnamfahamu?"

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Nilimgeukia Nyogokuru nikitegemea kipigo. Alikuwa amesimama, macho kwenye kioo asichoweza kukisoma. Kwa miaka yote ile alikuwa Maria Petro mbele ya kila karani, na sasa karani alikuwa na kalamu mkononi.

"Ni mimi," alisema.

Msidhani hofu yangu iliishia hapo. Wiki zilizofuata sikulala. Na lori likaja kweli, mchana kweupe, likanguruma mpaka uani kwetu. Nikajificha nyuma ya kihenge nikiwa na hakika kwamba limekuja kutubeba sote kwa sababu ya kidole changu. Niliposikia Nyogokuru akipiga yowe, niliziba masikio. Mama ndiye aliyekuja kunitoa. Uani alikuwepo mwanamume mwembamba mwenye kovu chini ya sikio, na Nyogokuru alikuwa anampapasa uso kama kipofu.

Jioni, wakila ugali na samaki wa migebuka, Nyogokuru alimgombeza. "Mtoni si nilikufundisha? Wakikuuliza, wewe ni Yohana Petro. Nimekutafuta kwa jina hilo."

"Nimelitumia miaka yote, mama," alisema mjomba. "Lakini Kigoma walipotuambia kwamba wanaandika majina ili ndugu watafutane, nilifikiri kwamba siku ukinitafuta, utanitafuta kwa jina ulilonizalia."

Wakati ule niliona ni kosa dogo la kuchekesha, na watu wazima walicheka hadi wakafuta machozi. Nilikuwa mtu mzima, peke yangu mbele ya kioo cheusi kama kile, nilipoelewa. Mama alimtafuta mwanawe kwa jina la kumlinda, na mwana akamngoja mama kwa jina lake la kweli. Kama ningeogopa kidogo zaidi, wangekufa wakingojeana.