Kufuli za Jumla

Stoo yangu ilianza kukohoa asubuhi kweupe.

Nilikuwa uani nafua, redio juu. Wimbo ulipoisha ndipo nikasikia. Kikohozi kizito, halafu kitu kikaparuza mlango kwa ndani.

Nywele zilinisimama. Mume wangu yuko kazini. Wifi yangu, mdogo wake tunayeishi naye, nilijua ameshatoka. Na stoo nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nilipomaliza kuchota sabuni ya kufulia.

Hapa lazima niwaambie kitu. Mimi ni mgonjwa wa bei ya jumla. Sabuni ya maji nanunua kwa madumu, karatasi za chooni kwa marobota. Nilijua mzigo ungetufikisha mbali. Wapi! Sabuni ilikuwa inaisha kama ina miguu.

Nikasema huyu ni wifi, anawagawia mashoga zake.

Sikumwambia neno. Nilinunua kufuli. Na kwa akili zangu hizi, kufuli nazo nikachukua pakiti nzima, maana mojamoja ni ghali. Funguo zote nikazitia kwenye pete moja.

Sasa nimesimama mbele ya mlango, na chini yake inatoka harufu inayochoma macho.

"Nani humo?"

"Wifi... fungua."

Kumbe hakuwa ametoka. Alikuwa ameinama nyuma ya marobota nilipofunga, na mimi na hasira zangu sikuchungulia hata kidogo.

Harufu niliitambua. Nilikuwa nimebebanisha madumu ili nipate nafasi, dawa ya choo juu ya dawa ya kung'arisha nguo. Hizo mbili zikichanganyika zinatoa hewa ya sumu. Imeandikwa kwenye dumu lenyewe.

Funguo zinafanana zote. Huu hauingii. Huu unaingia, hauzunguki. Pete ikanidondoka, nikaiokota, sijui tena nimejaribu upi. Ndani kikohozi kikawa kidogo, kisha kikakata.

"Wifi, ongea na mimi. Wifi, nakuomba."

Niliogopa ambavyo sijawahi kuogopa maishani. Nikaanza kuwaza kaka yake nitamwambia nini.

Nikakimbilia jikoni, nikarudi na mchi wa kinu. Pigo la kwanza tu, kufuli ikaachia. Mali ya bei chee, na siku hiyo niliushukuru ubovu wake.

Nikazuia pumzi, nikamburuta hadi uani, nikamwagia maji usoni. Akakohoa, akatapika, akavuta hewa. Nililia kama mtoto.

Tulirudi kutoka zahanati jioni, sauti yake bado inakwaruza.

"Niliona dumu linavuja, nikaingia kulishusha," alisema.

Basi ningenyamaza. Lakini mdomo wangu nao.

"Wifi, hivi sabuni huwa unampa nani?"

Akanitazama sana, hakukasirika hata.

"Mimi nafulia sabuni yangu ya mche. Nanunua mwenyewe. Njoo uone."

Akanivuta mpaka uani. Beseni langu la asubuhi lilikuwa palepale, povu limefurika na kutambaa hadi kwenye mfereji.

"Ulikuwa unafua nini?"

Sikuwa na pa kujificha.

"Soksi za kaka yako."

Nunueni jumla, sikatazi. Ila mkono ukishaona dumu limejaa unajisahau, na mwizi wako unaweza kuwa unamuona kila siku kwenye kioo.

Kufuli zilizobaki ninazo. Anayezitaka aje, nampa bure.