Limau la Katibu

Mchana, katibu wa ushirika pale Soni huwahimiza wakulima wafute mabaki ya ukoloni. Jioni huyasugua mabaki hayo kwa limau na majivu: sarafu za rupia za enzi ya Mjerumani, anazoota zikikaa makumbusho ya Dar es Salaam chini ya jina lake. Vidole vyake hunukia limau hata mkutanoni. Mtaalamu wa makumbusho alipopanda mlima kuziona, aliguna. "Ndugu Katibu, umesugua mpaka mwaka umefutika! Sarafu ya kale haisuguliwi. Weusi wake ndio umri wake." Mama mzazi wa Katibu akavua shingoni rupia nyeusi tii, aliyorithi kwa bibi yake. "Na hii, baba?" "Hiyo ndiyo, mama!" mtaalamu akamjibu. Katibu akaidaka kabla ya mgeni. "Mama, aibu! Mgeni hapewi kitu kichafu," akasema, huku akipapasa mfukoni kutafuta limau.