Sauti Iliyonyimwa Itikio

Ukimuuliza Herieth kuhusu muziki wake wa kwanza wa filamu, anacheka, kisha anakunja uso, kisha anakugeuzia swali wewe. Siku hizi anafundisha muziki na ametunga wa filamu nyingine kadhaa, lakini ule wa kwanza bado hajui aulilie au ajivunie.

Alikuwa angali mwanachuo. Mwenzake Damiano, mtoto wa kijiji cha Ruanda huko milimani Mbinga, alikuwa ametengeneza filamu fupi ya mzee mmoja mkulima wa kahawa ambaye watoto wake wote wamehama. Msimu wa kuchuma unafika, mzee anapita katikati ya mibuni akiwaita kwa majina, na hakuna anayekuja. Basi, filamu yenyewe ndiyo hiyo. Damiano akamwomba Herieth aitungie muziki, na Herieth, ambaye hadi hapo alikuwa amepiga kinanda cha kwaya tu, akakubali kabla hajajua anakubali nini. Ujana nao!

Akababaika kweli. Alijaribu kinanda, mzee akageuka padri. Alijaribu gitaa, mzee akawa kama anatongoza. Muziki wa kwao Lipingo ulikuwa wa kuchezwa au wa kusalia. Huu wa kujificha nyuma ya picha ulikuwa mnyama gani? Mwishowe akateremka nyumbani, kando ya Ziwa Nyasa, akamrekodi mama yake, Dorothy, mwanzishaji wa nyimbo katika kundi la wanawake wa ngoma ya kioda. Dorothy akaanzisha, wenzake wakaitikia, ngoma ikakolea.

Aliporudi chuoni akaondoa ngoma kwenye ile rekodi kwa kompyuta. Bado. Akaondoa na itikio. Ikabaki sauti ya mama yake inaita, kimya, inaita, kimya. Alipoiweka pale mzee anapopita kwenye mibuni, mwili ulimsisimka. Mwalimu wao akasema hapo ndipo filamu ilipopata roho. Herieth akavimba kichwa, na nani asingevimba?

Filamu ikaonyeshwa Mbinga mjini, kwenye ukumbi wa parokia. Dorothy alipanda kutoka Lipingo pamoja na mdogo wake, Vitalia, wote wamevaa sare zao nyeupe za kioda, wakaketi mbele kabisa. Mzee akaingia shambani. Sauti ya Dorothy ikaita. Kimya. Ikaita tena. Kimya.

Sasa, kuna jambo Herieth alilijua tangu utotoni, na kompyuta ikamsahaulisha. Katika kundi lao, wanawake wakimchoka mwanzishaji kwa maringo au uchoyo wake, hawamtukani. Wanamnyima itikio. Anaita mbele za watu, nao wanatazama pembeni. Mwanamke aliyefanyiwa hivyo anaweza kukaa mwaka mzima bila kukanyaga uwanjani.

Dorothy akainamisha kichwa. Vitalia hakuvumilia. Alisimama, kivuli chake kikamfunika mzee wa watu kwenye picha, akaitikia kwa sauti yake yote.

"Dada yangu hajamkosea mtu!" akawaambia waliokuwa nyuma, kisha akaendelea kuitikia.

Wengine wakacheka, wengine wakampokea. Damiano akashika kichwa. Herieth alitamani ardhi ipasuke immeze.

Filamu ilipokwisha alimkuta mama yake nje, amesimama peke yake.

"Nimekosa nini, mwanangu?" Dorothy akauliza.

Herieth akaeleza habari za picha, upweke wa mzee, sifa za mwalimu. Kadiri alivyoeleza ndivyo mwenyewe alivyozidi kutoelewa. Kazi ilikuwa nzuri, na ilikuwa ukatili, na hakuweza kukitenganisha kimoja na kingine.

"Nisamehe, mama. Nitarudisha itikio, Damiano apende asipende."

"Usirudishe," Dorothy akasema. "Yule mzee nimemwelewa. Ndivyo inavyosikika." Akajifunga khanga yake upya, taratibu. "Tangu uondoke, kila ninapoanzisha nageukia kushoto, pale ulipokuwa unasimama wewe kuniitikia, nakuta pengo. Nilidhani nalisikia peke yangu. Kumbe na wewe unalisikia huko chuoni."

Alikuwa anamtazama binti yake kwa furaha kabisa, akingoja aambiwe ndiyo. Herieth akasema ndiyo. Na hilo ndilo linalomchanganya hadi leo, kwa sababu siku ile alipokuwa akilifuta itikio hakuwa anamfikiria mama yake hata kidogo.