Kiti cha Mnong'onezaji

"Mama Alpo, yule mzee wa ghorofa ya tatu kapata mwanamke," alisema jirani yao Tuulikki, akipiga zulia lake uani vumbi litoke. "Kila asubuhi namsikia akimbembeleza. 'Usiniache, Elviira, usiniache!' Wenzake wanatafuta fimbo, yeye anatafuta mchumba!"

Henriikka alicheka kidogo, akaendelea kukitikisa kigari alimolala mwanawe Alpo, mashavu mekundu kwa baridi. Ukuta wake ulipakana na wa mzee. Alijua hakuna mwanamke mle. Ilikuwa sentensi moja, ikikatikia palepale kila siku. Kisha kofi mezani, kisha kurasa zikifunuliwa, kisha sentensi nzima kwa sauti ya mtu anayesoma.

Mzee huyo, Taavetti Lehmusoja, aliingia kwenye ukumbi wa maigizo wa wafanyakazi akiwa kijana wa kubeba mbao za jukwaa. Mwigizaji mmoja akaugua, yeye akavishwa koti lake akasukumwa mbele. Hakurudi tena kwenye mbao. Aliigiza wafalme na walevi, baadaye akawa mwongozaji, mkali haswa. Mtoto akilia ukumbini, alisimamisha mchezo hadi mama yake atoke. Na ndiye aliyekiondoa kiti cha mnong'onezaji, mama mmoja aitwaye Saimi, aliyekaa pembeni na kitabu akiwakumbusha waigizaji maneno. "Asiyeshika maneno yake akauze samaki," alisema. Saimi aliondoka na mfuko wake wa kufuma, hakuaga mtu.

Sasa wenye ukumbi walikuwa wamemwomba aigize katika mchezo mmoja wa mwisho, na mji mzima ulikuwa umeshanunua tiketi.

Henriikka alimpelekea mikate ya iliki, Alpo mkononi. Alimkuta mzee kaketi jikoni, kofia kichwani, kama mgeni kwake mwenyewe.

"Kaa, binti yangu. Huwa unanisikia ukutani?"

"Nakusikia, mzee."

"Haya, nimalizie. 'Usiniache, Elviira, maana...'"

"'...maana sijui hata taa za nyumba hii zinazimwaje.'"

Mzee alifumba macho. "Umeshika bila kutaka. Mimi nataka, hayakai."

"Nikae pembeni nikunong'oneze?"

"Pale pale nilipomfukuza Saimi? Watacheka mpaka wapaliwe na kahawa."

"Basi waambie unaumwa."

"Nitawaambia naumwa nini?"

Henriikka aliisogeza mikate karibu naye. Alimwuliza kuhusu daktari. Mzee akasema daktari ndiye aliyemwambia maneno hayatarudi. Mikate ikapoa. Alpo akaguna, na mzee akamtazama mtoto yule kwa muda mrefu.

"Njoo naye siku ya kwanza ya mchezo," alisema taratibu. "Mlangoni nitawaambia mimi wasimzuie mtoto. Kaeni mstari wa mbele. Ukiniona nimenyamaza, nimeshika kiti hivi, mfinye alie. Nitamkaripia kama zamani, watu wote wadhani ni yeye kanikatiza. Nawe ukimbembeleza, mwimbie yale maneno, niyasikie." Mkono wake ulikuwa bado umeshika kiti. "Mguuni tu, binti yangu. Kidogo tu. Utanifanyia?"